Kusoma Ubeberu Ukiwa Kakamega

Huenda unalifikia somo hili ukiwa na kumbukumbu za shule: sababu tano za kugawanywa kwa Afrika, sababu sita za Wanandi kushindwa, matokeo saba ya vita fulani, yote yakikaririwa usiku wa kuamkia mtihani na kusahaulika kabla matokeo hayajatoka. Kama ndivyo, usijilaumu. Orodha zile hazikuwa za uongo. Ila zilikupa majibu kabla hujaonyeshwa swali.

Swali lenyewe ni hili. Mwanzoni mwa karne ya 20, wilaya iliyoitwa Kavirondo ya Kaskazini, ambayo leo ni kaunti za Kakamega, Vihiga, Bungoma na sehemu ya Busia, ilikuwa na mamia ya maelfu ya watu. Maofisa wa Kizungu walioisimamia walihesabika kwa vidole. Lugha za wenyeji hawakuzijua, koo hawakuzielewa, na malaria haikuwapa nafasi. Ilikuwaje wakatawala? Na waliotawaliwa walifanya nini, siku ya kutekwa na katika miaka mingi iliyofuata? Historia ya ubeberu na ukinzani, iwe inahusu Bengal, Vietnam, Algeria au Songea, huzunguka maswali hayo mawili.

Nafundisha somo hili nikiwa Kakamega, na kila anayeanza nampa ushauri mmoja: usianzie Berlin. Mkutano wa huko wa madola ya Ulaya kuhusu kugawana Afrika, wa Novemba 1884 hadi Februari 1885, una uzito wake, lakini anayeanzia pale huzoea kuona ramani na kalamu tu, kisha Waafrika wakaingia baadaye kama watu waliokuta mambo yamekwisha kuamuliwa. Anzia Mumias, nenda Webuye, rudi Rosterman. Ukiifikia Berlin baada ya hapo, utaona kwamba maamuzi ya mezani yalikuwa maneno matupu mpaka alipopatikana mtu wa hapa wa kuyabeba, kwa hiari yake au kwa nguvu.

Tuweke sawa maneno machache kwanza, kwa sababu wageni wengi wa somo hili hujikwaa hapo. Ubeberu ni hali ya taifa kupanua nguvu zake juu ya jamii nyingine, kwa biashara, mikataba, vitisho au jeshi, hata kama halijakwenda kuitawala jamii hiyo lenyewe. Ukoloni ni utawala wenyewe: bendera, mkuu wa wilaya, mahakama, kodi, na mahali pengine walowezi, yaani wageni waliokuja kukaa na kumiliki ardhi. Jirani anayekupangia bei ya maziwa yako anakufanyia ubeberu; akihamia bomani mwako na kukuwekea msimamizi wa kukamua, huo sasa ni ukoloni. Uchina ni mfano mzuri wa tofauti hii. Baada ya Vita vya Afyuni vya 1839 hadi 1842 Waingereza waliichukua Hong Kong na kulazimisha bandari nyingine zifunguliwe kwa biashara yao, lakini sehemu kubwa ya nchi ile haikupata kuwa koloni la mtu.

Kati ya ubeberu na ukoloni utakutana mara nyingi na mnyama wa ajabu: kampuni yenye hati ya kifalme. Hii ni kampuni ya biashara iliyopewa na mfalme au malkia ruhusa ya kufanya kazi za serikali, kama kutoza ushuru, kuajiri askari na kutia saini mikataba na watawala wa nchi nyingine. Waingereza walikuwa wameijaribu Asia muda mrefu. Kampuni yao ya India Mashariki, iliyoundwa mwaka 1600, ilishinda vita vya Plassey mwaka 1757, ikawa bwana wa Bengal, na ikatawala sehemu kubwa ya India hadi uasi mkubwa wa 1857, ndipo serikali ya London ikaichukua nchi mwaka uliofuata. Miaka 30 baadaye, mwaka 1888, William Mackinnon alipata hati kama hiyo kwa ajili ya Kampuni ya Kibeberu ya Afrika Mashariki ya Uingereza. Nafasi hii haitoshi kueleza yote tuliyorithi kutoka India, ila kumbuka haya: sheria za jinai zilizotumika hapa zilikuwa za India, reli iliyofika Kisumu Desemba 1901 ilijengwa kwa mikono ya vibarua wengi kutoka Punjab, na kodi ya kwanza katika vijiji vyetu ilihesabiwa kwa rupia. Anayesema historia ya Asia haimhusu mtu wa Butere hajaangalia stakabadhi ya kodi ya babu yake.

Kampuni ya Mackinnon iliishiwa fedha upesi. Serikali ya Uingereza ikatangaza himaya juu ya Uganda mwaka 1894 na juu ya Afrika Mashariki mwaka 1895. Himaya ni nchi inayosemekana kuwa chini ya ulinzi wa dola kubwa huku ikiwa na watawala wake. Kwa maandishi ni tofauti na koloni, kwa vitendo tofauti hiyo ilipungua mwaka hadi mwaka. Hapa kuna jambo linalowapoteza hata wanafunzi wa chuo kikuu. Hadi tarehe 1 Aprili 1902, Kakamega na magharibi yote ya Kenya ilikuwa Uganda, katika mkoa wake wa mashariki. Kwa hiyo ukitafuta habari za Mumias za miaka ya 1890 katika maandishi ya himaya ya Afrika Mashariki, utatoka mikono mitupu. Tafuta chini ya Uganda.

Sasa twende Mumias. Zamani paliitwa Elureko, makao ya Nabongo, ambacho ni cheo cha mfalme wa Wanga. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilikuwa ikipita hapo kutafuta pembe za ndovu kabla Mzungu yeyote hajaiona nchi, na Uislamu wa Mumias una mizizi katika safari hizo. Joseph Thomson alipofika mwaka 1883, alifuata njia ambayo wengine walikuwa wameikanyaga. Alimkuta Mumia mwana wa Shiundu, kijana aliyekuwa ameingia madarakani muda mfupi uliopita, na ambaye angeishi hadi mwaka 1949.

Kuna kisa kimoja cha Mumias ambacho napenda kukirudia kwa wanafunzi, kwa kuwa kinaonyesha jinsi historia ya dola kubwa inavyoweza kuning'inia kwenye bahasha. Mwishoni mwa 1889 Frederick Jackson, mtu wa kampuni ya Waingereza, alipiga kambi kwa Mumia, kisha akaondoka kwenda upande wa Mlima Elgon kuwinda ndovu. Mwanga, Kabaka wa Buganda, alikuwa amemwandikia kuomba msaada. Jackson akiwa huko Elgon, barua zikaja kumngoja Mumias. Mapema mwaka 1890 akatokea Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akikimbiza mikataba kwa ajili ya nchi yake. Akazifungua barua zisizokuwa zake, akazisoma, akafunga mizigo haraka kwenda Buganda, na huko akatia saini mkataba na Mwanga. Ilikuwa mbio bure: Julai mwaka huohuo Ujerumani na Uingereza zilipatana, Ujerumani ikapewa kisiwa cha Heligoland huko Ulaya, Uganda ikaachiwa Waingereza, na karatasi ya Peters ikawa takataka. Tazama nani alikuwepo na nani hakuwepo katika kisa hiki. Mumia ndiye mwenye nyumba barua zilimowekwa. Hakuna aliyemuuliza neno kuhusu Heligoland.

Lakini usimwonee huruma mapema. Mumia alikuwa na hesabu zake. Upande wa kusini Waluo wa Ugenya walikuwa wakimsukuma. Kaskazini kulikuwa na Wabukusu. Ndani ya Wanga kwenyewe kulikuwa na ugomvi wa koo za kifalme. Wanga walikuwa na desturi ya kukaribisha wapiganaji wa nje: waliwapa makao Wamasai wa Uasin Gishu waliokuwa wamekimbia vita vyao, nao wakapigana upande wao; wafanyabiashara wa pwani nao walikuja na bunduki. Ukilitazama jambo kwa macho ya Elureko, Waingereza walikuwa kundi jingine la wageni wenye silaha wa kukaribishwa na kutumiwa. Na alifaulu kuwatumia. Kati ya 1896 na 1897 bunduki zao ziligeukia Ugenya. Mwaka 1909 walimtangaza Mumia chifu mkuu wa eneo lote, cheo ambacho hakuna babu yake aliyewahi kuwa nacho. Bei ya cheo hicho ililipwa na watu wengine, na wengi wao waliishi kaskazini ya Mto Nzoia.

Ukisafiri kutoka Kakamega kwenda Webuye, utaona ukingo wa mlima unaoinuka juu ya mji. Huko juu ndiko kwenye ngome ya Chetambe. Katika nchi hii watu waliishi ndani ya lukoba, kijiji kilichozungushiwa ukuta wa udongo na handaki kwa nje, chenye mlango mwembamba ambao adui hawezi kuuingia kwa kundi. Handaki la Chetambe bado linaonekana, limejaa majani, na mgeni asiyeelekezwa atalidhani ni mfereji wa maji. Ukienda, shuka ndani yake usimame. Utaelewa kwa nini ngome kama hii ilitosha kabisa dhidi ya mkuki, na kwa nini haikutosha mwaka 1895.

Habari kwa kifupi ni hii. Serikali changa ya Mumias ilituma kikosi cha askari wa Kisudani kwa Wabukusu kuchukua bunduki zilizokuwa mikononi mwao. Huko Lumboka Wabukusu waliwaua karibu wote. Agosti 1895 Charles Hobley, kamishna msaidizi aliyekaa Mumias, pamoja na William Grant aliyetoka Busoga, wakaongoza jeshi la adhabu: Wasudani, Waganda, Wamasai, na watu wa Mumia. Lumboka ilianguka, kisha Chetambe. Waliouawa ndani ya ngome walikuwa wengi, na ng'ombe na mateka wakachukuliwa. Hebu hesabu Wazungu katika jeshi hilo, uone jibu la sehemu ya kwanza ya swali letu likianza kujitokeza.

Hapa nataka ukae kidogo, kwa kuwa ndipo mtu anapoanza kuwa mwanahistoria. Tunajuaje haya? Tunavyo vyanzo vya msingi, yaani ushahidi uliotoka kwa walioshuhudia tukio au walio karibu nao. Kimoja ni Hobley mwenyewe, aliyeandika ripoti akiwa kazini na kuchapisha kitabu cha kumbukumbu mwaka 1929. Kingine ni masimulizi ya mdomo, habari zilizopokewa kutoka kwa wazee kizazi baada ya kizazi. Mwanafunzi mpya hukimbilia kuuliza kipi ni cha kweli. Subiri. Hobley alikuwa kamanda wa vita alivyoviandika, na kitabu chake kilitoka miaka 34 baadaye kwa ajili ya wasomaji wa Uingereza. Msimulizi wa Webuye naye ana wasikilizaji wake, na sababu zake. Watachoni, jamii nyingine ya hapo Webuye, watakukumbusha, tena kwa msisitizo, kwamba Chetambe alikuwa mtu wao na ngome ilikuwa yao, na kwamba historia imezoea kuwapa Wabukusu peke yao sifa ya siku ile. Viweke vyanzo vyote ubavu kwa ubavu. Vinakubaliana kuhusu bunduki, kuhusu Lumboka, kuhusu ngome kuvunjwa na kuhusu Wanga kuwa upande wa washambuliaji. Vinaachana kuhusu maana: ofisa anaona adhabu kwa waliovunja amani, wazee wanaona watu waliofuatwa kwao wakidaiwa silaha zao. Pale vinapoachana ndipo panapokupa kazi ya kufanya, basi usiparuke kwa haraka ya kupata jibu moja.

Tumefika kwenye mgawanyo uliotawala taaluma hii kwa muda mrefu: wakinzani upande mmoja, vibaraka upande mwingine. Vitabu vya baada ya uhuru viliwahitaji mashujaa, na haikuwa kosa kuwatafuta. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi ambao walipambana na Waingereza kwa miaka 10, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Mwaka huohuo vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vilikuwa vikiwaka kusini ya nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwalisha viapo Wagiriama wasiwape Waingereza vijana wao wala kodi, akakamatwa, akahamishiwa magharibi ya nchi, akatoroka. Hawa wanastahili sanamu zao. Tatizo huja unapotaka kumweka kila mtu katika kisanduku kimoja kati ya viwili. Samori Touré wa Afrika Magharibi alitia saini mikataba na Wafaransa miaka ya 1880 kisha akapigana nao hadi alipotekwa 1898, tumweke wapi? Wamasai waliopigana Chetambe walikuwa wakimpigania nani?

Maoni yangu, na wako wenzangu wasiokubaliana nami, ni kwamba swali la kufaa zaidi ni hili: huyu alikuwa akilinda nini, na dhidi ya nani aliyemwogopa zaidi? Mumia alimwogopa Mluo wa Ugenya aliyemjua kuliko Mwingereza asiyemjua. Mbukusu alimwogopa Mumia. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba kulikuwa na kitu kinachoitwa Kenya cha kusalitiwa.

Ukilishika swali hilo, miaka iliyofuata inafunguka. Waingereza walitumia mtindo wa kutawala kupitia wenyeji, yaani kuwaachia machifu wa Kiafrika kazi ya kukusanya kodi, kutoa vibarua na kuamua kesi, chini ya jicho la mkuu wa wilaya. Mahali ambapo hapakuwa na mfalme, na kwa wengi wa wanaoitwa leo Waluhya hapakuwa, machifu ilibidi watolewe mahali fulani. Wakatolewa Wanga. Murunga, ndugu wa Mumia, alipelekwa kutawala Wabukusu wa kaskazini. Mulama, ndugu mwingine, akawa chifu wa Marama. Sasa jiweke mahali pa mkulima wa Kimilili mwaka 1915. Mzungu humwoni. Anayekuja kwenye uwanja wako kudai rupia ni mtu wa Elureko. Ndiyo maana nyaraka za miaka hiyo zimejaa malalamiko dhidi ya Wanga, na msomaji mvivu huziita ugomvi wa kikabila. Kumkataa chifu wa Wanga kulikuwa ni kuukataa ukoloni kwa sura uliyomjia nayo mkulima yule.

Kuna aina ya ukinzani ambayo haiachi ngome wala kaburi la shujaa. James Scott, baada ya kuishi katika kijiji cha wakulima wa mpunga huko Kedah, Malaysia, alichapisha mwaka 1985 kitabu kuhusu ukinzani wa kila siku: kuchelewa kazini, kujifanya hujaelewa, kuficha, kutoroka, kusengenya. Kitabu kinahusu Wamalay na wenye mashamba wao, lakini kinasomeka kana kwamba mwandishi alipita Kabras. Kodi ilitozwa kwa kila nyumba, basi watu wakabanana katika nyumba chache. Vijana walitakiwa kuwa wapagazi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Wengine wakasikia habari na kupotelea porini. Ukisoma ripoti ya mkuu wa wilaya inayolalamika kwamba watu wa mahali fulani ni wavivu na hawaaminiki, jiulize kama hujashika ushahidi wa mgomo.

Na serikali ililijibu hilo kwa kipande. Kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa kikamilifu baada ya vita, kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alipaswa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake na rekodi ya waajiri wake, ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Mwajiri asipokutilia saini ya kuondoka, huwezi kuajiriwa kwingine, na ukikamatwa huna, ni faini au jela. Mbinu ya kupanga alama za vidole ilikomazwa Bengal miaka ya 1890, tena kwa akili ya Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, waliofanya kazi chini ya Edward Henry. Mashine ya kuwatawala watu wa Asia ilisafiri hivyo hadi shingo ya kibarua wa Maragoli.

Kufikia hapo makao ya wilaya yalikuwa yamehama Mumias kuja Kakamega, mwaka 1920, na hapa ndipo panapotokea tukio ambalo, kwangu, linastahili kujulikana kuliko linavyojulikana. Oktoba 1931 L. A. Johnson, Mmarekani aliyekuwa na shamba Turbo na ambaye mdororo wa uchumi ulikuwa umemwacha hoi, aliokota dhahabu katika bonde la Mto Yala. Habari zikaenea. Walowezi waliofilisika wakaja na mahema na karai, wakichimba mashimo katikati ya mashamba ya watu wenye msongamano mkubwa kuliko karibu kwingine kote Kenya. Rosterman, viungani mwa mji wa Kakamega, ulikuwa mgodi mkubwa wa kampuni hadi ulipofungwa mwaka 1952, na hadi leo utakuta vijana wakishuka mashimoni mwake kwa kamba.

Sikiliza sasa upande wa sheria, na usikimbie. Sheria za ardhi zinachosha lakini ndimo ukoloni ulimoishi. Mwaka 1930 serikali ilipitisha sheria ya amana ya ardhi za wenyeji, iliyoahidi kwamba hifadhi za Waafrika ni zao milele. Kipande chochote kikihitajika kwa shughuli za umma, baraza la wenyeji lingeulizwa kwanza, na ardhi nyingine ya thamani sawa ingetolewa badala yake. Machifu walikusanya watu wakawasomea ahadi hiyo. Desemba 1932, dhahabu ikiwa imepatikana, sheria ikarekebishwa kwa haraka: baraza halikuwa na lazima ya kuulizwa, na fidia ingeweza kuwa fedha. Milele ilikuwa imedumu miaka miwili. Jambo hilo lilizua kelele hata katika bunge la London, lakini rekebisho likabaki.

Watu wa Kakamega hawakushika mikuki. Walishika kalamu. Tume ya Ardhi ya Kenya ya Morris Carter, iliyokusanya ushahidi miaka hiyo na kutoa ripoti 1934, ilisikia wazee na vijana wa Kavirondo wakidai hati za kumiliki ardhi yao. Wasomi wa misheni, wengi wao kutoka kwa Wakweka waliofika Kaimosi mwaka 1902, wakaunda chama kilichoitwa North Kavirondo Central Association, wakiwemo Andrea Jumba, Erasto Ligalaba na Lumadede Kisala. Na hapa kuna mgeuko unaonifanya nilipende somo hili: mojawapo ya madai yao ilikuwa kuwepo kwa chifu mkuu wa watu wote wa wilaya, na macho yakarudi Wanga. Baba zao walikuwa wamelalamika miaka 20 kuhusu machifu wa Mumia. Sasa walitaka mtu wa kusimama mbele ya serikali kama Kabaka alivyosimama Buganda, asiyeweza kurukwa wakati wa kugawa ardhi. Ni katika miaka hiyo pia ambapo watu wa koo nyingi zisizokuwa na jina moja walianza kujiita Abaluyia, yaani Waluhya wa leo. Julie MacArthur ameandika kitabu kizima, kilichotoka 2016, kuhusu jinsi ramani na mabishano ya mipaka yalivyochangia kulijenga jina hilo. Kwa hiyo hata kabila letu, tunalolichukulia kuwa la tangu na tangu, limezaliwa kwa sehemu katika ugomvi na dola.

Nimalizie safari ya mifano kwa mtu mmoja, na kwanza niondoe mkanganyiko: chuo kikuu chetu hapa mjini kinaitwa kwa jina la Masinde Muliro, mwanasiasa. Mtu ninayemzungumzia ni Elijah Masinde, wa Kimilili, ambaye aliwahi kuichezea Kenya kandanda katika Kombe la Gossage kabla ya kuwa nabii wa Dini ya Msambwa, vuguvugu la kidini lililoukataa utawala wa Wazungu. Alikataa kazi za kulazimishwa, akafungwa, na mwaka 1945 akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, kwani kwa serikali ya kikoloni mtu anayewaambia Wazungu warudi kwao alikuwa na kasoro kichwani. Alitoka mwaka 1947. Na ulipofika Septemba aliongoza maelfu ya wafuasi kupanda Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Februari 1948 polisi walifyatulia risasi umati wa wafuasi wake huko Malakisi, watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku, naye akahamishiwa Lamu.

Kupanda huko Chetambe kuna umuhimu wa kinadharia. Mwaka 1968 Terence Ranger, aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, alitoa hoja kwamba kuna uzi unaounganisha ukinzani wa awali, yaani vita vya kwanza vya kukataa kutekwa, na vuguvugu la umma la baadaye la kudai uhuru. Wakosoaji walisema uzi huo umesokotwa na wasomi baada ya tukio. Kwa Masinde lakini hatuhitaji kubahatisha. Miguu ya watu ilipanda mlima. Ila hoja haiishii pazuri kama wapenda mashujaa wangetaka, kwa maana Masinde aliachiliwa uhuru ulipokaribia, kisha akafungwa tena na serikali za Kenya huru, na alipofariki mwaka 1987 alikuwa bado mwiba kwa wenye mamlaka. Ukitaka ukinzani umalizike mwaka 1963, yeye atakuharibia mpango.

Uanzie wapi basi? Kwa vitabu, kisome cha Gideon Were kuhusu historia ya Abaluyia, kilichotoka 1967, kwa sababu yeye ni miongoni mwa waliokwenda kwa wazee wakati wasomi wengi wa nje wakiamini Mwafrika asiye na maandishi hana historia. Baada yake msome Audrey Wipper kuhusu Dini ya Msambwa, umpinge anapostahili. Kwa nyaraka, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ina kituo hapa Kakamega chenye mafaili ya wilaya na mkoa. Nenda na kalamu ya risasi na subira, uombe faili za malalamiko kuhusu machifu kabla ya zile za takwimu, maana katika malalamiko utasikia sauti. Kwa ardhi yenyewe, nenda Chetambe, Rosterman, na Matawa huko Mumias, kwenye kituo cha utamaduni cha Nabongo.

Vitabu na nyaraka vitakungoja. Wazee hawatangoja. Waliozaliwa wakati wa mbio za dhahabu wamebaki wachache, na waliokuwa Malakisi wakiwa watoto sasa ni vikongwe. Omba ruhusa, andika jina la msimulizi kama ameridhia, tarehe na mahali, na uandike alichosema kwa lugha aliyokisemea, kiwe Kiisukha, Kibukusu au Kiwanga, kabla hujakigeuza Kiswahili. Nakala moja mwachie yeye, nyingine uiweke maktabani. Anza mwezi huu.